Maswali ya wasomaji: Mbona kori nyingi haziharakishi kazi yangu?

Barua za mwezi huu zimetoka sehemu mbalimbali za Nairobi, na karibu zote zinazunguka jambo moja: nani huamua kazi ipi iende kwenye kori ipi ya prosesa, na anaamuaje. Prosesa ni ubongo wa kompyuta, na kori ni kitengo kimoja ndani yake kinachotekeleza maagizo. Nimezijibu sita. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu imegusa mfuko wa mtu.

*

*Mwalimu, habari ya kazi. Mimi nahariri video za harusi na ruracio, ofisi yangu iko River Road. Nilikuwa na kompyuta ya kori nne, gigahezi 3.2. Niliiuza, nikaongeza pesa, nikanunua mashine kubwa ya ex-UK yenye prosesa mbili, kila moja ina kori sita za gigahezi 2.0. Muuzaji alinihakikishia kasi itakuwa mara tatu. Sasa nikitoa video kamili, muda ni uleule, na siku nyingine unazidi. Nikifungua Task Manager, kile kidirisha cha Windows cha kuonyesha mzigo wa kori, naona vigrafu 24, vyote viko chini, na wakati wa kutuliza picha zinazotikisika jumla inasoma asilimia 4 tu. Je, Windows imekataa kutumia kori zangu? Kuna mahali pa kuziwasha?* — Mhariri wa video, River Road

Hakuna mahali pa kuziwasha, ndugu yangu, kwa sababu zote zinawaka. Hiyo asilimia 4 ndiyo iliyokueleza kila kitu. Gawanya 100 kwa vigrafu 24, utapata 4.17. Maana yake ni kwamba wakati wa kutuliza picha kuna uzi mmoja tu unaofanya kazi kwa nguvu zote, na nafasi nyingine 23 hazina la kufanya.

Uzi ni mfululizo mmoja wa maagizo ndani ya programu, agizo likifuata agizo. Programu inaweza kuwa na uzi mmoja, inaweza kuwa na mamia. Mfumo endeshi, uwe Windows, Linux au ule wa simu, haugawi programu kwa kori, unagawa nyuzi. Sehemu yake inayofanya kazi hiyo nitaiita mratibu. Mratibu hawezi kuukata uzi mmoja vipande viwili ili kori mbili zisaidiane, maana hajui ndani yake mna nini. Anachojua ni uzi upi unatekelezwa sasa, upi uko tayari na unangoja nafasi, na upi umelala ukisubiri kitu: diski, mtandao, au kidole cha mtu kwenye kibodi. Kuigawa kazi ni jukumu la aliyeandika programu. Ikiwa hatua ya kutuliza picha imeandikwa ili kila fremu itegemee hesabu ya fremu iliyotangulia, mratibu atapewa uzi mmoja, naye ataupa kori moja.

Utaniuliza: kama ni uzi mmoja, mbona sioni kigrafu kimoja kimepanda hadi juu? Kwa sababu uzi huo hauketi mahali pamoja. Katika Windows ya matumizi ya kawaida, zamu moja ya uzi huwa na urefu wa mipigo miwili ya saa ya mfumo, yaani milisekunde 31 hivi, na uzi wa dirisha ulilolifungua mbele huweza kupewa zamu ndefu zaidi. Kila mara uzi unapolala kidogo na kuamka, au unapoondolewa na uzi wenye kipaumbele cha juu, unaweza kuendelea kwenye kori nyingine. Kigrafu chako huchorwa mara moja kwa sekunde. Katika sekunde hiyo uzi umeshapita kori kadhaa, na kila moja inaonyesha kilima kidogo. Vijumlishe vilima hivyo, utapata kori moja kamili.

Lakini mratibu haurushi ovyo. Kwa kila uzi, Windows hukumbuka prosesa inayoufaa zaidi na prosesa ulikotoka mara ya mwisho, na hujaribu hizo kwanza. Sababu ni kache, ile kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Kache ya kwanza kabisa katika prosesa kama zako hubeba kilobaiti 32 tu za data, lakini kori huisoma kwa mizunguko minne au mitano ya saa yake. Kwenda hadi RAM, kumbukumbu kuu ya mashine, hula mizunguko mia mbili hivi. Uzi ukikaa mahali pamoja, data yake hujaa humo. Fikiria fundi wa magari wa Grogan aliyefungua injini na kuzipanga nati juu ya gunia kwa utaratibu anaoujua yeye. Ukilisukuma gari hilo hadi kwa fundi wa pili ambaye hana kazi, ataanza mara moja, ila kwanza atahangaika na nati. Kwa hiyo wakati mwingine uamuzi bora wa mratibu ni kuuacha uzi ungoje kidogo kori yake ya zamani, hata kama nyingine ziko huru.

Kwako wewe kuna jambo la ziada, nami naomba ulikague leo. Mashine ya prosesa mbili ina RAM iliyogawanywa pande mbili. Kila prosesa ina nafasi zake za kuchomeka RAM. Kori ya upande huu ikitaka data iliyoko upande ule, hupitia njia inayounganisha prosesa hizo mbili, na safari hiyo ni ndefu kuliko ya RAM iliyo jirani. Mashine za mitumba huuzwa mara nyingi zikiwa zimechomekwa RAM upande mmoja tu. Zima mashine, chomoa umeme, fungua kifuniko utazame. Ukikuta vipande vyote viko kwa prosesa ya kwanza, vigawe sawasawa ukifuata mchoro uliobandikwa ndani ya kifuniko au kitabu cha mashine. Haitakugharimu hata shilingi moja.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo muuzaji alipokupoteza. Tuseme kazi fulani ingechukua dakika 60 kwenye kori moja ya mashine yako ya zamani. Dakika 45 zinaweza kugawanywa, dakika 15 haziwezi. Kwa kori nne: 15, jumlisha 45 gawanya kwa 4, unapata dakika 26 na robo. Kwa kori 12 zenye kasi ileile: 15, jumlisha 45 gawanya kwa 12, unapata dakika 18 na robo tatu. Kori zimekuwa mara tatu, lakini muda haukupungua hata kwa nusu. Ukileta kori elfu moja, hutashuka chini ya dakika 15. Jambo hili lilisemwa mwaka 1967 na Gene Amdahl, mhandisi aliyeongoza usanifu wa kompyuta za IBM System/360, na hesabu hiyo inaitwa kwa jina lake hadi leo.

Bado hatujagusa kasi. Kori zako za zamani zilikuwa za gigahezi 3.2, mpya ni 2.0. Tukichukulia kwamba kila kitu kingine kiko sawa, kila dakika ya zamani imekuwa dakika 1.6. Zidisha 18.75 kwa 1.6: dakika 30. Prosesa hizo huweza kupanda juu kidogo ya 2.0 kori chache zinapofanya kazi, kwa hiyo hali halisi ni afadhali kuliko hesabu yangu, lakini umeona kwa nini siku nyingine muda unazidi ule wa zamani.

Na vile vigrafu 24 visikudanganye kuwa una kori 24. Unazo 12, kila moja hujionyesha kwa mfumo endeshi kama mbili, kwa sababu inaweza kushika nyuzi mbili kwa pamoja na kuzitumikia kwa viungo vilevile vya hesabu. Uzi mmoja ukisubiri RAM, mwingine hutumia nafasi hiyo. Kuna faida, ila si kori ya pili.

Usiiuze mashine hiyo kwa hasira. Inafaa sana kwa mtu mwenye harusi tatu za Jumamosi. Fungua kazi mbili au tatu za kutoa video kwa wakati mmoja badala ya kuzipanga moja baada ya nyingine. Kila moja ina nyuzi zake zisizotegemea nyingine, mratibu atazitawanya, na hapo ndipo kori 12 zitakulipa, mradi RAM na diski zinatosha. Siku nyingine ukienda Luthuli Avenue kununua, uliza kasi ya kori moja kabla ya kuuliza idadi yake.

*

*Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Umoja. Tumefundishwa kwamba mfumo endeshi hugawa kazi kwa prosesa. Lakini mfumo endeshi nao ni programu, na programu inahitaji prosesa. Je, mratibu mwenyewe anatekelezwa na kori gani? Nilimuuliza mwenzangu akanicheka.* — Mwanafunzi, Umoja

Mwanangu, mwenzako angenyamaza asikilize. Hilo ni mojawapo ya maswali bora niliyowahi kupokea katika safu hii, na lilisumbua wahandisi kwa miaka.

Jibu ni kwamba mratibu hana kori yake. Msimbo wake uko kwenye kumbukumbu ya mashine, na kila kori huutekeleza yenyewe zamu ikifika. Zamu hufika kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza, uzi unapofika mahali hauwezi kuendelea, kwa mfano umeomba data kutoka diski, humwita mratibu palepale na kumwachia kori. Ya pili, saa ya mashine humkatiza uzi anayetekelezwa, apende asipende. Katika Linux hilo hutokea mara 100, 250 au 1,000 kwa sekunde, kutegemea jinsi kerneli, kiini cha mfumo endeshi, ilivyojengwa. Kori inaacha uzi, inatekeleza mratibu kwa muda mfupi mno, inaamua nani afuate, inaendelea.

Ugumu unaanza kori zinapokuwa nyingi na foleni ni moja. Linux ilianza kutumia prosesa zaidi ya moja katika toleo la 2.0, mwaka 1996. Hata katika toleo la 2.4, nyuzi zote zilizo tayari zilikaa kwenye foleni moja, na foleni hiyo ilikuwa na kufuli. Kufuli ni lazima, kwa sababu kori mbili zikichomoa uzi uleule kwa wakati mmoja data huharibika. Lakini kori moja ikishika kufuli, nyingine zote zinazotaka foleni hiyo husimama. Kadiri unavyoongeza kori ndivyo zinavyozidi kusimama mlangoni pa foleni badala ya kufanya kazi.

Mhangaria Ingo Molnár ndiye aliyelibadilisha hilo, na toleo la 2.6 likatoka Desemba 2003 likiwa na foleni ya pekee kwa kila prosesa. Kori ikitaka kazi hutazama foleni yake, basi. Kori ikiishiwa, hutazama foleni za jirani na kuvuta uzi mmoja au zaidi. Haianzi popote tu: huanza na kori iliyo karibu nayo kabisa, inayotumia kache moja nayo, kabla ya kuvuka kwenda prosesa nyingine. Zaidi ya hapo, kila baada ya muda kori hulinganisha urefu wa foleni na kusawazisha.

Kuhusu nani afuate ndani ya foleni, mwaka 2007 Molnár alileta utaratibu mpya: kila uzi unawekewa hesabu ya muda uliokwisha kutumia, na aliyetumia kidogo zaidi ndiye anayepewa zamu. Alikiri wazi kwamba wazo la usawa huo lilichochewa na kazi ya Con Kolivas, daktari wa nusukaputi wa Australia aliyekuwa akiandika mratibu wake mwenyewe wa Linux. Nakutajia hilo kwa makusudi. Mtu aliyefanya kazi hospitalini alibadilisha namna kompyuta za dunia zinavyogawana zamu, kwa sababu alikasirishwa na kompyuta iliyokwamakwama akaamua kuchimba. Oktoba 2023, katika toleo la 6.6, utaratibu huo nao ulirithiwa na mwingine, uliotokana na wazo la Ion Stoica na Hussein Abdel-Wahab la miaka ya 1990: pamoja na usawa, kila uzi una wakati wake wa mwisho wa kuhudumiwa, na kati ya nyuzi ambazo hazijatumia zaidi ya haki yake, wenye wakati wa mwisho ulio karibu zaidi hutangulia.

Foleni nyingi zina ugonjwa wake pia. Mwaka 2016 watafiti wa Ufaransa, Kanada na Uswizi walionyesha kwamba katika mashine kubwa za Linux kulikuwa na kori zilizokaa bure kwa muda mrefu huku nyuzi zikingoja kwenye foleni za kori nyingine. Kosa moja lilitokana na kulinganisha wastani wa kundi zima: kori moja ikiwa na uzi mzito, wastani wa kundi lake ulipanda, na kori tupu zilizo karibu nayo zikahesabiwa kuwa na shughuli. Mashine zilikuwa zimefanya kazi hivyo kwa miaka bila mtu kugundua, kwa kuwa hakuna kilichovunjika. Kazi zilichelewa tu. Uliza maswali kama hili lako hata ukichekwa.

*

*Mwalimu, niko mwaka wa pili chuoni, Juja. Nimeandika programu ya Python ya kutafuta namba tasa. Kwa uzi mmoja inachukua sekunde 40. Nikaigawa kwa nyuzi nne kwenye laptopu ya kori nne, nikatarajia sekunde 10, nikapata 43. Mratibu wa Linux ana shida gani?* — Mwanafunzi wa chuo, Juja

Safari hii kazi umeigawa vizuri, na mratibu hana kosa. Kizuizi kiko ndani ya Python yenyewe. Python ya kawaida ina kufuli moja kubwa, na uzi lazima ulishike ndipo utekeleze maagizo ya Python. Nyuzi zako nne zipo, mfumo endeshi unaziona, lakini kwa kila wakati tatu kati ya hizo zimelala zikisubiri kufuli. Uzi uliolala hauwezi kupewa kori, hata kori ziwe mia.

Zile sekunde tatu za ziada nazo zina mahali zinapotoka. Uzi unaosubiri kufuli ukishasubiri milisekunde 5, huomba mwenye kufuli aliachie. Analiachia, mratibu anaamsha mwingine, labda kwenye kori nyingine ambako kache haina data yake, kisha mchezo unajirudia. Umelipia gharama ya kubadilishana bila kupata chochote.

Tumia moduli ya multiprocessing badala ya threading. Kila mchakato, yaani nakala ya programu inayojitegemea, utakuwa na Python yake na kufuli lake, na utaona vigrafu vyote vinne vya htop, programu ya kuonyesha mzigo wa kori, vikijaa. Gawa namba kwa mafungu makubwa, siyo moja moja, maana kupitisha data kati ya michakato kuna gharama yake. Na usiwape wote fungu la ukubwa ule ule ukidhani ni haki: kupima namba kubwa huchukua muda mrefu kuliko namba ndogo, kwa hiyo aliyepewa namba kubwa atabaki akifanya kazi peke yake wenzake wakiwa wamemaliza. Mafungu 40 yanayochukuliwa na michakato minne kila mmoja anapomaliza lake yatakwenda vizuri kuliko mafungu manne.

Nyuzi za Python hazikosi faida hata hivyo. Zinafaa sana pale kila uzi unaposubiri mtandao, kwa kuwa uzi ukisubiri mtandao huachia kufuli. Na tangu toleo la 3.13, la Oktoba 2024, kuna Python inayoweza kujengwa bila kufuli hilo, ingawa katika toleo hilo ilikuwa ya majaribio. Ijaribu kwa namba zako tasa, utajifunza mengi, ila usiipeleke kwenye mradi wa kumalizia masomo bila kuhakikisha kwamba moduli zote unazozitegemea zinaikubali.

*

*Nasimamia seva ya Sacco moja, Upper Hill. Ina kori nne. Amri ya uptime inaonyesha mzigo wa 9, lakini kori zote ziko asilimia 15. Mkubwa wangu ameshaidhinisha tununue seva yenye kori 16. Tununue?* — Msimamizi wa seva, Upper Hill

Msinunue bado. Namba ya mzigo katika Linux haihesabu tu nyuzi zinazotekelezwa na zinazongoja kori. Tangu 1993 inahesabu pia nyuzi zilizolala usingizi usioweza kukatizwa, na hizo kwa kawaida zinasubiri diski au hifadhi ya mtandao. Mzigo wa 9 na kori zilizopoa maana yake kuna foleni, lakini foleni hiyo haiko mlangoni pa prosesa.

Endesha amri ya vmstat 1 utazame safu za r (zinazotekelezwa au zinazongoja kori) na b (zilizolala usingizi huo). Ikiwa r ni ndogo na b ni kubwa, tatizo ni diski. Kagua afya yake, kagua kama nakala ya akiba huendeshwa saa za kazi, kagua kama hifadhidata inasoma majedwali mazima kwa kukosa faharasa. Pesa za kori 16 mkizihamishia kwenye diski nzuri za SSD zitabaki na chenji.

*

*Mwalimu, mimi si mtu wa kompyuta lakini nasoma safu yako. Nimenunua simu yenye "kori nane" kwa bei nafuu. Dada yangu ana iPhone yenye kori sita. Yake inafungua kila kitu haraka kuliko yangu. Nimeibiwa?* — Msomaji, Kayole

Hukuibiwa, dada, ila hukuambiwa yote. Kori za simu hazilingani. Mwaka 2011 kampuni ya ARM, ambayo usanifu wake uko ndani ya karibu kila simu, ilitangaza mpango wa kuchanganya kori kubwa zenye nguvu na kori ndogo zinazotumia betri kidogo. Ile iPhone ina kori mbili kubwa na nne ndogo. Simu nyingi za bei nafuu zenye kori nane zina nane ndogo tupu, au sita ndogo na mbili zenye nguvu ya wastani.

Unapogusa picha ya programu ili ifunguke, kazi hiyo kwa sehemu kubwa iko kwenye uzi mmoja au miwili. Mratibu wa simu ya dada yako hukimbiza uzi huo kwenye kori kubwa, na ukishatulia huurudisha kwenye ndogo. Wa kwako hana pa kuupeleka. Kazi ya mratibu wa simu ni ngumu kuliko ya seva, kwa maoni yangu, kwa sababu hatafuti kasi peke yake. Kerneli ya Linux, ambayo Android imejengwa juu yake, tangu toleo la 5.0 la mwaka 2019 ina mpango unaokadiria kila uzi unahitaji nguvu kiasi gani, kisha unatafuta kori itakayoutosha kwa umeme mdogo zaidi. Ndiyo maana simu yako ikiwa mfukoni ikipokea ujumbe, kori ndogo ndizo zinazohangaika, na chaji inafika jioni.

Fanya hivi: punguza programu zinazojiendesha zenyewe kwa nyuma, na usijaze hifadhi ya simu hadi ukingoni. Kufunga programu kila mara kwa kuzitelezesha pembeni hakusaidii sana, kwani kuzifungua upya ndiko kunakoichosha kori.

*

*Niko kwenye timu inayoandika huduma ya kupokea taarifa za malipo, Ngong Road. Ili taarifa zisichelewe, nilizipa nyuzi zetu kipaumbele cha juu kabisa, SCHED_FIFO namba 99, na kuzifunga kila moja kwenye kori yake kwa taskset. Majaribio yalikuwa mazuri. Wiki ya kwanza ya kazi halisi, seva inaganda sekunde kadhaa, SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali) haiingii, kisha inarudi. Taarifa zinachelewa kuliko mwanzo.* — Msanidi programu, Ngong Road

Ndugu, umemfunga mratibu mikono kisha ukampa lawama za foleni. Uzi wa SCHED_FIFO haunyang'anywi kori na uzi wa kawaida. Unaishika hadi ulale wenyewe, uiachie, au aje mwenye kipaumbele cha juu zaidi. Nina hakika nyuzi zako zinazunguka zikiuliza "kuna taarifa mpya?" bila kulala, kwa sababu dalili ulizozieleza ni hizohizo. Kwa kawaida Linux huzizuia nyuzi za namna hiyo zisitumie zaidi ya milisekunde 950 katika kila sekunde, na hizo 50 zilizobaki ndizo zinazowaachia wengine wapumue. SSH yako ilikuwa ikiishi humo.

Kubwa zaidi ni kufuli. Kuna uzi wa kawaida katika huduma yako, labda unaoandika kumbukumbu za matukio, unaoshika kufuli ambalo nyuzi zako za kipaumbele pia hulihitaji. Uzi wa juu unasubiri kufuli. Mwenye kufuli hapati kori, kwa kuwa kori imeshikwa na uzi mwingine wa juu unaozunguka bure. Hakuna anayesonga.

Jambo hili liliwahi kutokea mbali sana. Chombo cha Marekani, Mars Pathfinder, kilitua kwenye sayari ya Mirihi tarehe 4 Julai 1997, na baada ya siku chache kompyuta yake ikaanza kujiwasha upya. Ilikuwa na prosesa moja na mfumo endeshi uitwao VxWorks. Uzi wa kukusanya data za hali ya hewa, wenye kipaumbele cha chini, ulishika kufuli. Uzi wa kusimamia njia kuu ya data, wenye kipaumbele cha juu, ukalisubiri. Katikati yao nyuzi za kipaumbele cha kati zikashika prosesa muda mrefu, yule wa chini asipate nafasi ya kumaliza. Mlinzi wa mfumo akaona uzi mkuu haujamaliza kazi kwa wakati, akawasha kompyuta upya. Wahandisi waliirudia hali hiyo kwenye nakala ya chombo iliyobaki duniani, wakagundua kwamba kufuli hilo lilikuwa limeundwa bila kurithishwa kipaumbele, wakatuma badiliko. Kurithisha maana yake ni kwamba mwenye kufuli hupandishwa hadi kipaumbele cha anayemsubiri, mpaka aliachie.

Kwenu, anzeni kwa kuondoa FIFO na taskset kabisa. Kufunga uzi kwenye kori kuna faida pale unapokuwa umeitenga kori hiyo isipewe kazi nyingine yoyote. Bila hivyo umeuzuia uzi wako usihamie kori iliyo huru, na uzi wa mtu mwingine ukija hapo mtagombana wakati kori ya jirani imelala. Badilisha kile kitanzi cha kuuliza kiwe cha kusubiri kwa epoll: uzi ulale, kerneli iuamshe taarifa ikifika. Uzi uliolala muda mrefu ukiamka, mratibu wa kawaida wa Linux mara nyingi huupa nafasi mapema, kwa hiyo hupotezi sana. Ikibainika baadaye kwamba kuna uzi mmoja unaohitaji kipaumbele kweli, mpe namba ya wastani, si 99, na kila kufuli anayoigusa iundwe kwa PTHREAD_PRIO_INHERIT, yaani mpangilio wa kurithisha kipaumbele.

Kisha pimeni wakati wa malipo mengi, mwisho wa mwezi, siyo usiku ambapo seva imetulia. Tumieni perf, zana ya Linux ya kupima utendaji: endesheni perf sched record kwa dakika moja, halafu perf sched latency, mtazame safu ya ucheleweshaji mkubwa zaidi kwa kila uzi. Nitumieni jedwali hilo lote kabla hamjagusa kipaumbele chochote tena.